Kofia ya Mgeni Imebaki Mkunya

Alhamisi. Upepo tangu alfajiri, vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Nina hasira na nina aibu, na sijui nianze na ipi.

Leo urafiki wetu na Vietnam umefika Mkunya kwa magari matatu. Tangu biashara ifunguliwe milango, korosho zetu zinavuka bahari na maganda yake kwenda kubanguliwa huko, na kiwanda chetu kimegeuka ghala la viti vya harusi. Nimeliandika hili hapa bloguni mpaka mmenichoka.

Nilipewa dakika mbili za kumkaribisha ofisa wa ubalozi. Niliandika kurasa saba. Ofisa wetu wa wilaya aliziona, akaninong'oneza: "Mwalimu, karibisha tu. Usimle mgeni."

Nilikuwa ukurasa wa pili, bado niko kwenye biashara ya kale ya pembe za ndovu, mgeni akisinzia kwa adabu, Bibi Somoe alipoinuka. Ni jirani yangu, Mmakua, mtani wetu sisi Wamakonde. Misibani, kwa haki ya utani, hututukana wafiwa na kunyakua sinia la wali, na halirudi mpaka likombolewe.

Akamvua mgeni kofia. Akaivaa.

Ofisa wa wilaya alishika kiti. Bibi akamgeukia mkalimani: "Mwambie, serikali imesema sisi na wao ni ndugu. Ndugu wa mbali ni mtani. Yeye kachukua korosho na maganda yake, mimi nimechukua kofia na jasho lake. Alete mashine ya kubangulia, aikomboe."

Mgeni alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza kiwanda kiko wapi. Tukasogeza viti vya harusi apite. Hakuahidi kitu, ila alipima mlango kwa hatua zake, akaandika, akaondoka kichwa wazi.

Naungama: niliona wivu.

Jioni ofisa wa wilaya alinituma nikaichukue kofia irudishwe kabla haijazaa barua ya malalamiko. Nikamwamkia Bibi shikamoo.

"Marahaba. Kama umetumwa, vua na wewe."

Sasa ana kofia mbili. Yangu, amesema, nitaikomboa kwa hotuba ya kiwanda yenye sentensi tatu tu, ambayo hata yeye ataisikiliza bila kusinzia.

Nimekaa nayo tangu magharibi.

Niko sentensi ya tisa.