Wiki ya Nne: Kupinduka

Kitengela,
11 Januari 2009

Kwa wifi yangu Ajwang,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi na malori. Natumai wewe, kaka Khisa na watoto mu wazima, na kile kikohozi cha kitinda mimba kimepoa. Mimi sijambo, ila nimechoka.

Wifi, tangu niache kiwanda cha nguo, darasa langu la densi ya mlingoti limejaa. Najua hupendi hata kulisikia jina hilo, lakini soma kwanza. Milingoti yangu ni vyuma vinne, vimesimama kutoka sakafuni hadi darini katika chumba cha juu cha Asho, yule mama mwenye duka la vitambaa. Alikubali kunikodisha kwa sharti moja, wanaume wasipande ngazi, na mapazia aliyashona mwenyewe. Wanakuja wanawake wa ofisini, wa benki, na Hamda, binti wa Asho.

Shida yangu ni mpangilio. Nilijifunza kwa kutazama na kuanguka, pale jimu ya mazoezi ya Nairobi nilikokuwa nikifagia. Sasa wanafunzi wamezidi, nasahau nani amefika wapi. Niko na DVD moja, lakini mwalimu wake anaongea Kiingereza mbio na kila hatua anaifanya mara moja tu kama mtu anayefukuzwa. Kuna kitabu cha ng'ambo naweza kuagiza, kimeandikiwa walimu wa densi hii hii. Halafu kuna wewe, uliyesomea ualimu na unafundisha PE, mazoezi ya viungo. Nimekuchagua wewe. Niandikie maandalio ya somo ya muhula mzima, nami nitayafuata neno kwa neno.

Wifi yako,
Nabwile


Kajiado,
25 Januari 2009

Kwa wifi Nabwile,

Hatujambo sote, kikohozi kimeisha. Kaka yako anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini.

Nimekuandalia, lakini usidhani ni kwa furaha. Khisa ni mzee wa kanisa. Mimi nikiulizwa na walimu wenzangu wifi yangu anafanya nini Kitengela, husema ni mambo ya afya, kisha nageuza maneno. Jina langu lisitajwe hapo.

Utaona mpango wa wiki kumi na tatu, kama muhula wowote. Utangulizi dakika tano, hatua mpya dakika ishirini na tano, hitimisho dakika tano. Wiki ya kwanza ni kushika mlingoti, ya pili kuzunguka, ya tatu kupanda, ya nne kupinduka kichwa chini, na kuendelea. Hiyo DVD achana nayo, na kitabu cha ng'ambo ni cha watu wa kwao. Shika jambo moja: usibaki nyuma. Wiki ikiisha, funga ukurasa usonge mbele. Silabasi isipomalizwa, hakuna kilichofundishwa. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Githongo, hukagua maandalio yetu kila Ijumaa, na sijawahi kupatikana na pengo.

Wifi yako,
Ajwang


Kitengela,
2 Machi 2009

Kwa wifi Ajwang,

Salamu zipokee, ingawa leo mkono wangu ni mzito kuzitoa. Simu nimepiga mpaka nikachoka, hushiki.

Hamda ameanguka. Mkono wa kulia umevunjika karibu na kiganja, uko kwenye plasta. Tulikuwa wiki ya nne. Mikono yake ilikuwa bado inateleza katika kupanda tu, mtu yeyote angeona. Zamani ningemzuia. Lakini karatasi yako ilisema kupinduka, wenzake wamepinduka, nami nikasema tusibaki nyuma ya silabasi. Akapinduka, akatua kando ya godoro.

Sasa nisikilize, maana hasira imenijaa. Nilipokaa kwenu ule mwaka, saa ya PE watoto wako walikuwa ndani ya darasa wakifanya hesabu! Kila wiki! Umeandika maandalio ya PE miaka yote hii kumridhisha mkaguzi, na hujawahi kusimama kando ya mtoto hata mmoja akijaribu kubingirika. Ndizo karatasi hizo hizo ulizoniletea mimi, safu zimepigwa rula vizuri, nami nikaziamini kama mjinga.

Asho amefunga chumba kwa kufuli. Nilimpelekea barua ya kuomba radhi, hata hakuifungua. Alisema hivi: "Mimi sitaki karatasi. Karatasi ndio imevunja msichana yangu. Huyo mwalimu yenye aliandika akuje mwenyewe, akae chini kwa nyumba yangu, aongee na Hamda. Akikuja, nafungua. Asipokuja, wewe toa vyuma zako." Kwao ndivyo jambo linavyomalizwa. Aliyekosa huja kwa miguu yake, hatumi maneno.

Njoo, Ajwang. Sina kazi nyingine.

Wifi yako,
Nabwile


Kajiado,
9 Machi 2009

Kwa Nabwile,

Sisi ni wazima. Mpe Hamda pole, na naitoa kwa moyo. Kwako wewe sina pole.

Nani alikuwa amesimama chini ya huyo msichana, mimi au wewe? Nilikupa karatasi, sikukupa upofu! Ulinibembeleza, nikafanya nisilolitaka, leo likiharibika ni langu. Kweli fadhila za punda ni mateke.

Na hayo ya PE usiyarudie. Unajua wazazi humfanya nini mwalimu ambaye darasa lake limeanguka mtihani? Hakuna mzazi wa Kajiado aliyewahi kuniuliza mtoto wake anabingirika vipi.

Siji. Nije niketishwe na mwenye nyumba wako, niulizwe habari za wanawake wanaoning'inia kwenye vyuma? Halafu Jumapili niketi karibu na nani kanisani? Muhumed, yule mfanyabiashara wa mbuzi, hupita hapa akitoka mnadani Bisil kuja huko Kitengela. Nimemwomba amwambie Asho kwamba mwalimu amesikitika. Hiyo inatosha.

Wifi yako,
Ajwang


Kitengela,
30 Machi 2009

Kwa Ajwang,

Salamu.

Muhumed alifikisha maneno yako. Asho alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama wewe ni mgonjwa. Muhumed akakiri kwamba u mzima. Basi Asho ameamua, vyuma vitoke baada ya Pasaka. Kiwandani wamesema naweza kurudi kushona mifuko ya suruali.

Sikuombi tena. Aliyesimama chini ya Hamda ni mimi, na hilo nimemwambia usoni, nimeketi kwenye mkeka wao. Lakini wewe uliandika ukiwa umeziba pua. Hukuniuliza hata swali moja. Hukuuliza wanawake hawa wana miaka mingapi, nani amejifungua juzi, nani anaogopa. Uliona aibu, ukamaliza kazi haraka ili uoshe mikono. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hiyo plasta.

Usijibu.

Nabwile


Kitengela,
11 Aprili 2009

Kwa wifi Nabwile,

Hujambo? Usishangae, ni kweli naandika nikiwa Kitengela, kwenye kaunta ya Asho. Sikupitia kwako kwa sababu bado nimekukasirikia. Lakini uliandika kwamba sikukuuliza hata swali moja, na ni kweli, ndiyo maana nimekuja.

Nilifika asubuhi. Asho alinikalisha kwenye mkeka, akanipa chai ya maziwa yenye iliki, akamwita bintiye. Hamda akaja na mkono wake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, utangulizi hadi hitimisho. Nikasema samahani, na maneno yakaishia hapo. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wanafunzi wako hupinduka wiki ya ngapi?"

Nilidhani ananisuta, kumbe anataka kujua kweli. Wiki hizi zote huyo msichana amekaa na plasta akiamini kwamba yeye ndiye mzito, kwamba kila mwanafunzi duniani hupinduka wiki ya nne isipokuwa yeye. Nilimwambia shuleni kwangu hakuna mtu amewahi kupinduka kwa karatasi yangu, hata mmoja. Alilia, nami nikalia, na nimejikasirikia kiasi ambacho wewe hukuweza kunikasirikia.

Nikaomba kuonyeshwa chumba. Nilivua viatu nikajaribu kupanda. Nilifika kimo cha stuli, nikateleza mpaka sakafuni kwa kishindo. Asho alicheka hadi akashika ukuta. Hamda akaniambia nibane na magoti, sio kuvuta na mabega. Viganja vinaniwaka, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Ufunguo uko kwa Asho, vyuma vinabaki. Kitabu kile kiagize, tukisome pamoja. DVD utaitazama wewe na kuisimamisha kila hatua. Lakini wiki tumezifuta. Kila mtu atasonga mwili wake ukikubali, na wewe ndiye wa kusema mwili umekubali. Khisa anajua niko wapi leo na kwa nini. Amenuna, yatamwisha.

Jumamosi ijayo nitakuja darasani na suruali ya mazoezi, niko pale pa kushika mlingoti tu. Ukinipandisha kabla mikono yangu haijawa tayari tutagombana tena, na safari hiyo nitapiga kelele mbele ya wale watu wako wa benki.

Wifi yako,
Ajwang