Kampuni ya Simu Imenifanya Ninunue Siku ya Sabato

Kwako Mshauri Kemuma, soma hii barua mpaka mwisho kwa sababu inatoka kwa mtu ambaye hajawahi kuomba ushauri, hapa Ekerenyo mimi ndiye watu wanakuja kuuliza, nimelima chai tangu kabla barabara iwekwe lami, nimekuwa mzee wa kanisa la Waadventista miaka kumi na tisa, na hiyo miaka yote sijanunua hata kibiriti ndani ya Sabato, tangu jua lishuke Ijumaa mpaka lishuke Jumamosi, muulize yeyote.

Sasa simu yangu ilianza kula kredo. Naweka, inaisha, na sijapigia mtu. Ujumbe zilikuwa zinaingia kila siku lakini mimi nilidhani ni kampuni wananisalimia, kwa sababu ni mteja wao wa siku nyingi. Nikaenda ofisi yao Kisii, nikapiga meza, wakanitolea karatasi ya makato yote, kumbe kila ujumbe ulikuwa wa kulipia, na wakanirudishia pesa hapo hapo. Nani mwingine Nyamira hii amewahi kushinda kampuni? Nikabeba ile karatasi mpaka kanisani niwaonyeshe wazee wenzangu, na hapo ndipo nilijichoma mwenyewe, kwa sababu mzee Onyiego alivaa miwani akaisoma polepole, akaniuliza, "Anyona, hii si Jumamosi? Na hii? Na hii? Kumbe unanunua matokeo ya mpira siku ya Bwana, Sabato sita?" Wengine wakacheka, yeye hakucheka. Sasa baraza la kanisa litanihoji Jumapili ya mwisho wa mwezi, na wakiona kweli nilinunua sitasimama tena mbele ya waumini.

Jumatatu nikarudi Kisii na hasira. Sikutaka pesa tena, nilitaka waseme sikununua. Kwa kaunta kulikuwa na msichana anaitwa Gentrix Amolo, mtu wa upande wa ziwa, nikamwambia maneno siwezi kuandika kwa gazeti, nikasema nyinyi watu wa huko Sabato mtaijulia wapi, foleni yote ikageuka kunitazama. Mshauri, nina miaka sabini na nne, nimeona machifu na wachungaji, lakini mtu kama huyo sijaona. Hakupandisha sauti. Alitoka nyuma ya kaunta akaketi na mimi kwa benchi, akasema, "Baba, hebu nieleze, hiyo Sabato yenu inaanza saa ngapi?" Nikamweleza. Akapitisha kidole kwa karatasi mstari kwa mstari. "Wanakata saa mbili usiku. Jumamosi saa mbili jua limeshashuka, kwa hivyo hizo ni safi. Zilizoingia ndani ya Sabato ni za Ijumaa." Angeweza kunificha hilo! Hata Onyiego na miwani yake hakuona hiyo.

Kisha akapigia wakubwa wake Nairobi, akabishana nao kwa Kiingereza mpaka mmoja akakubali kwamba mtu mwingine ndiye aliomba huo mpira na wao wakaandika namba yangu kwa makosa. Akachukua karatasi ya kampuni akaandika kwa mkono, "Mzee Anyona hakununua. Sisi tulimuuzia bila kumuuliza," akaweka sahihi na muhuri. Nikatoka pale mrefu kama mti.

Jumatano meneja wake, anaitwa Duncan, akanipigia. "Mzee, hiyo barua haikuidhinishwa. Irudishe kabla ya tarehe ishirini na nne, la sivyo huyo msichana atapoteza kazi." Nikampigia Gentrix, akasema, "Baba, wewe isome kanisani, ni ukweli mtupu. Mimi nitajitetea." Mke wangu Bochaberi ameniambia, "Mtoto wa wenyewe afukuzwe kazi ndio wewe uketi mbele?" Nimemwambia mwanamume kama mimi harudishi karatasi aliyoshinda. Lakini maneno yake hayaniachi. Nifanye nini? Na jina langu usifiche.

Mzee Mose Anyona, Ekerenyo

Mzee Anyona,

Pole kwa hayo yaliyokupata. Mtu anayesumbukia siku ya Bwana na asisumbukie pesa ni wa kuheshimiwa, nami nakuheshimu. Ndiyo sababu nitakuambia bila kupaka sukari.

Ulimtukana mtoto wa watu mbele ya foleni, ukataja na kwao. Kisha mimi umenijazia sifa zake. Yeye je? Nimetafuta katika barua yako mahali uliposema "nisamehe", sijapaona.

Tena kuna jambo umeliruka haraka. Wiki sita ujumbe uliingia, na wewe ukadhani ni salamu. Mzee, hukuusoma. Kusoma kunakusumbua, na hilo ndilo hutaki Onyiego alisikie, ndiyo maana umeing'ang'ania barua ya msichana ikuongelee. Ondoa hiyo aibu. Barua yako umeiandika mwenyewe, herufi moja moja, na hakuna neno lililonipotea.

Sasa fanya hivi. Nenda Kisii kabla ya hiyo tarehe. Ingia ukumbi ule ule, umwombe Gentrix msamaha kwa sauti ile ile uliyomtukania. Halafu umpe Duncan malalamiko yako kwa maandishi, kwa mkono wako: namba yako iliingizwa kimakosa, binti huyu ndiye aliyeligundua kosa na kulimaliza, na unataka kampuni yenyewe ikujibu kwa barua. Hakikisha yamepokelewa na kugongwa muhuri, ubaki na nakala. Ndipo urudishe barua ya Gentrix. Wakikataa kukujibu, irudishe vilevile. Usijadiliane nao bei ya kazi yake.

Kwenye baraza simama mikono mitupu. Sema, "Sikununua. Ujumbe ulikuja nikashindwa kuusoma." Waambie pia kwamba siku zenyewe ni Ijumaa, hata kama hakuna aliyeuliza. Msichana huyo hakukuficha. Na wewe usiwafiche.

Wakikuamini, mshukuru Mungu. Wasipokuamini, utaketi viti vya nyuma Sabato kadhaa, huku Gentrix akiwa kazini kila Jumatatu asubuhi, akitoka nyuma ya kaunta kuketi na mzee mwingine aliyekuja na hasira.