Chai kwenye Mtungi wa Buluu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kama umeshaona jina langu ndani ya jalada, basi nakuomba kwa heshima ya mama yako: usimsomee mtu hata neno moja, na hasa mtu wa gereji. Huwa nalificha nyuma ya magunia ya mpunga. Ukilipata ujue ulilitafuta.

Hakuna siri kubwa humu. Lakini Mzee Evaristo, bosi wangu, alishasema: karani anayeandika mambo ya gereji nje ya kadi za kazi ajihesabu hana kazi. Na mimi nisipoandika silali.

Haya.

Joto. Saa nne asubuhi kalamu inateleza vidoleni. Leo tumemkabidhi Mwalimu Fulgensi gari lake. Alinifundisha darasa la pili. Ndiye aliyenizoeza kuandika tarehe kabla ya kitu chochote. Gari ni dogo, jeupe, la Kijapani, la mwaka 1996. Analiita Bibi Harusi kwa sababu halitaki vumbi. AC yake ni otomatiki. Unaweka namba, tuseme ishirini na tatu, halafu gari lenyewe linaamua feni izunguke kiasi gani na baridi iingie kiasi gani. Ilikufa miaka minane iliyopita. Fundi Maximilian kaifufua! Kioo cha namba kimetoka kwenye gari lililopinduka, sensa ya joto mpya, mota ya mlango wa hewa mpya. Tena ameiongezea ujuzi: gari likikaa juani, ukiwasha tu, feni inapanda yenyewe hadi mwisho. Hugusi kitu.

Yote haya ni kwa ajili ya Mama Balbina, mke wa Mwalimu. Moyo wake hauvumilii joto.

Mwalimu hakukagua gari. Alikagua kadi ya kazi, mstari kwa mstari, kwa kidole.

"Hii umeandika wewe, Marsiana?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi naondoka na amani."

Alipoingia ndani akanusa. Mbona kuna harufu ya vitunguu vilivyooza? Maximilian akamwambia kulikuwa na kiota cha panya mle kwenye njia ya hewa, siku mbili tatu itaisha. "Mimi mwenyewe sisikii chochote, Mwalimu. Pua yangu iliondoka na korona, haijarudi hadi leo." Wakacheka. Nami nikacheka.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya lebo. Unyevu wa huku unabandua karatasi zote, kwa hiyo kila Jumanne nazunguka stoo na kalamu nene na kurudia yaliyofutika. Oili. Maji ya betri. Mtungi wa buluu: GESI YA AC. Huo bado unasomeka vizuri.

Maximilian akanitania: "Dada karani, siku ya kiama malaika watakuja kukuazima kalamu." Halafu akasema yeye akiona mwandiko wangu hajisumbui kuuliza.

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika polepole.

Saa tano nimetoka posta. Dada Jane, anayeuza chai na chapati langoni kwetu, alikuwa amepika kama kawaida. Nikaona sufuria. Chini ya sufuria, jiko. Jiko limefungwa juu ya mtungi wa buluu. Na ubavuni mwa mtungi, mbele ya macho yangu, mwandiko wangu mwenyewe: GESI YA AC.

Inawaka! Moto wa buluu, mzuri, wa duara. Chai inachemka.

Gesi ya AC haiwaki. Maximilian alinifundisha wiki ya kwanza kabisa, miezi mitatu iliyopita. Alisema hii tunayotumia ukiipulizia kiberiti, kiberiti kinazimika. Ndiyo maana inaruhusiwa kupita mbele ya magoti ya watu.

Nikamwuliza Dada Jane mtungi ameutoa wapi.

"Stoo. Wangu umeisha, na Mzee alishaniambia nikikwama nichukue. Kwani vipi? Huu ulikuwa wangu! Aliununua kwangu mwezi wa saba, akaupaka rangi. Na juzijuzi nimemjazia tena. Usinitolee macho hivyo, mdogo wangu, kunywa chai."

Nikanywa. Sijui kwa nini nilikunywa! Nimeunguza ulimi.

Mwezi wa tisa, lebo ya zamani ilipodondoka, nilimwuliza Mzee Evaristo: hii ni gesi gani? Akajibu bila kugeuka: ya AC, andika. Nikaandika kwa herufi kubwa. Sikuuliza mara ya pili.

Nimemwita Maximilian. Aliangalia moto muda mrefu. Aliinama kunusa, akakumbuka hana pua. Akakaa juu ya tairi.

"Mzee aliniambia ameihamishia humo kutoka mtungi mkubwa wa Morogoro," akasema. "Nikaona na lebo yako."

Kisha: "Ya gari la Mwalimu nimeijaza yote kutoka humo."

Kisha tena: "Na ile plagi."

Nikakimbia ofisini kuchukua nakala ya kadi. Mstari wa saba, mwandiko wangu: Plagi ya feni imeungua kidogo, inatoa cheche feni ikienda kasi. Mteja ataleta mpya baadaye. Mstari wa tisa: Evapoleta ni ya zamani, imezibwa tundu. Evapoleta ndiyo inayopoza hewa, iko nyuma ya dashibodi, ndani kabisa mwa gari wanamokaa watu.

Gesi ya kupikia inanuka vitunguu vilivyooza. Wanaiwekea harufu hiyo makusudi ili mtu ajue inavuja. Kila mtu anajua hilo! Mimi najua! Na nilicheka!

Alhamisi, 7 Novemba

Tumemwambia Mzee Evaristo. Alikuwa anakula muhogo.

Hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililonishtua mimi. Alisema mafundi wengi wanaitumia, inapoza kuliko ile ya kweli, na ile ya kweli mpaka uisubiri kutoka Morogoro wateja wameshakimbia. Nani amekufa?

Maximilian akasema: "Mzee, inavuja ndani. Na feni inatupa cheche. Na ile AC inajiwasha yenyewe, mimi ndiye niliyeitengeneza hivyo."

"Nitampigia Mwalimu mwenyewe. Nendeni kazini."

Mimi akanibakiza. Akaomba kadi, akafuta vidole, akaisoma.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, Mzee."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Basi aliyesema ni gesi ya AC ni wewe, mwanangu. Mimi sijaandika popote."

Aliyasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuagiza sukari dukani.

Jioni nilishika simu. Jina la Mwalimu lilikuwa mbele yangu. Sikupiga. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: sikupiga.

Ijumaa, 8 Novemba

Maximilian ametumwa Mlimba kwenye lori lililoharibika. Ghafla tu. Mtungi wa buluu haupo stoo. Dada Jane anapikia mkaa na haniangalii.

Saa tisa nimepata ujasiri. Nikamwuliza Mzee kama amempigia Mwalimu.

"Nimeshaongea naye."

Asante Mungu. Nimepumua.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nimesimama. Kiberege, sokoni.

Asubuhi nilipita Lipangalala nyumbani kwa Mwalimu, kuhakikisha tu. Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nilimkuta Edna, mkwe wao, anaanua nguo. Nikauliza gari liko wapi, maana pale kivulini linapoegeshwa palikuwa patupu. Akasema wamekwenda Kiberege, Mama Balbina anamwona dada yake. "Baba analisifu hilo gari! Hataki hata dirisha lifunguliwe."

Nikauliza: jana Mzee wa gereji hakumpigia?

"Alimpigia. Alimwuliza kama AC inapoza. Baba akamwambia inapoza sana, akamwombea baraka."

Basi! Hilo tu! Alimpigia kuuliza kama inapoza!

Edna akaendelea kukunja nguo. Akasema mama ndiye anayelalamika, harufu inamwumiza kichwa, na baba anamwambia vumilia, ni panya tu.

Nilimpigia Mwalimu hapo hapo, mbele ya Edna. Simu imezimwa. Edna akasema huwa anaizima akishika usukani, na akishuka anasahau kuiwasha.

Nikachukua bodaboda. Dereva anaitwa Beno. Njia nzima nilikuwa natazama mbele nikiogopa kuona moshi.

Gari lipo. Zima. Limeegeshwa pembeni mwa soko, juani kabisa, madirisha yote yamefungwa. Hakuna mtu ndani, na milango imefungwa kwa ufunguo. Nimeweka pua kwenye upenyo wa mlango.

Vitunguu. Vingi!

Beno akaja kuchungulia, akatoa sigara na kiberiti. Nilimfokea! Mimi, ambaye sijawahi kumfokea hata kuku. Nikamsukuma kwa mikono miwili. Akasema, "Dada, ni gari tu," akaondoka zake na hasira.

Nimempata Maximilian kwa simu. Amesema Mwalimu asiingize kabisa ufunguo kwenye swichi. Afungue milango yote minne, watu wakae mbali, hewa ipite. Nikamwuliza taa ya ndani je, si inawaka mlango ukifunguliwa? Akasema balbu yake ilikufa zamani, amehakikisha. Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema: "Marsiana, kimbia."

Mama anayeuza nyanya mbele ya gari anasema mzee na mkewe wako kwa dada, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kuna mtu kapita sasa hivi akisema mama yule joto limemzidi, wanamshika mikono, wanarudi kwenye gari wampeleke hospitali. Njia ni mbili, ya mashineni na ya kanisani. Hajui watapita ipi. Mwalimu atakuja kwa haraka. Atamwingiza Mama kwenye kiti, atawasha ili apate baridi. Gari limekaa juani kwa muda wa saa tatu. Feni itapanda yenyewe hadi mwisho.

Nikisimama hapa naweza kuchelewa kumsaidia Mama. Nikienda tunaweza kupishana. Naacha karatasi kwenye kioo, upande wa dereva, na nyingine kwenye kitasa. Mama wa nyanya ameahidi kuwazuia, lakini ana wateja.

Naandika hapa kwanza, kisha nitanakili. Lazima mkono utulie. Ukitetemeka Mwalimu hataamini kuwa ni mwandiko wangu.

Jumamosi, 9 Novemba 2024. Saa saba na dakika kumi mchana.

Shikamoo Mwalimu.

USIWASHE GARI.

Gesi iliyomo si ya AC. Ni ya kupikia na inavuja ndani. Harufu si panya. Ukiwasha tu, feni itajiwasha yenyewe na plagi yake inatoa cheche. Usiingize ufunguo kwenye swichi. Fungua milango yote minne, kisha mpeleke Mama mbali, kivulini kwa mama wa nyanya. Tutapata usafiri mwingine.

Kadi niliyokupa Jumatatu haikuwa ya kweli, na niliiandika mimi. Hii pia nimeiandika mimi. Naomba uiamini hii.

Nimekufuata kwa njia ya mashineni. Kama umekuja kwa njia ya kanisani, tumepishana. Washa simu yako, namba yangu ni ile iliyo juu ya kadi, ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza ni ya Mzee Evaristo. Nimevaa blauzi ya njano. Simu ikikataa, simama hapo kwa mama wa nyanya, uite jina langu kwa nguvu, kama ulivyokuwa ukiita mahudhurio. Nitaitika.

Marsiana