Seva ya Pili ya Tororo

Jumatano, Busia

Kumbe ilikuwa imezimwa. Mimi ndiye fundi wa kompyuta hapa, na seva ya Tororo niliiweka kwa kazi moja tu: hii ya Busia ikianguka, ile ishike, programu ya kusajili mizigo inayovuka mpaka isisimame.

Leo asubuhi hii ya Busia ikaanguka. Ile haikushika. Malori yakapanga foleni mpaka barabarani, madereva wakitutukana kwa lugha zote za mpakani.

Nikampigia Mama Nyafwono, anayetunza ofisi ya Tororo.

"Hiyo mashine nilizima wiki jana, mwanangu," akasema kwa upole. "Inanguruma tu, hakuna mtu anagusa. Inakula umeme bure."

Na mimi wiki nzima nikiona haijibu, nilidhani ni mtandao wa Tororo unasumbua, kama kawaida yake.

Akaiwasha. Mizigo ya wiki hii haimo kabisa, maana ikiwa imezimwa haikunakili kitu. Tumeandika kwa mkono hadi vidole...

Jioni bosi ameamua seva hiyo iuzwe. Nilianza kumweleza, nikachoka katikati.

"Kitu cha kukaa tu kikisubiri mambo yaharibike, mimi nakilipia ya nini?" akasema.

Seva iko Tororo. Alikuwa ananitazama mimi.