Mstari wa Vigae Usio na Mwenyewe

Shangazi Zagorka mpendwa,

Naomba unisaidie, na tafadhali usilitaje gazetini jina la kijiji chetu, ingawa atakayesoma habari za nyumba yenye rangi mbili atajua mara moja ni akina nani. Mimi na kaka yangu Sretko tuliachiwa na marehemu baba nyumba moja ndefu inayotazama barabara, tukaigawa katikati, yeye nusu yake akaipaka kijani nami yangu nikaipaka njano, na kwa kuwa chumba cha mama kiko katikati kabisa dirisha lake likawa kijani upande mmoja na njano upande wa pili, lakini mama hakulalamika, alisema tu kwamba sasa mtu wa posta hatapotea, basi tukaishi hivyo kwa amani, yaani bila kusemeshana, mpaka mwezi wa saba ilipokuja ile dhoruba ya mvua ya mawe ambayo hata nyinyi huko mjini lazima mliisikia.

Iling'oa mfereji wa maji ya paani, ikavunja vigae pande zote mbili, na lipu ya ukuta wa mbele ikaporomoka kuanzia kwangu, ikavuka mpaka na kuingia kwake bila kumwomba mtu ruhusa. Nikapanda nikabadilisha vigae vyangu, kwa uangalifu, hadi kwenye mpaka, kaka naye siku nyingine akapanda akabadilisha vyake hadi kwenye mpaka, na hapo katikati ukabaki mstari mmoja wa vigae vilivyopasuka, kutoka juu kabisa hadi ukingoni, ambao kwa haki zote ni wa kaka, kwa sababu mpaka unapita upande wangu wa mstari, ila yeye kashikilia kwamba unapita upande wake.

Fundi Tivadar alikuja kutazama ukuta, akavuta sigara yake mpaka ikaisha, kisha akasema, "Mimi sipigi lipu chini ya paa linalovuja. Mkishaliziba mniambie rangi. Moja. Mimi ni fundi, sishoni viraka." Akapanda baiskeli yake akaondoka. Sasa jukwaa la kupandia ni langu, mashine ya kuchanganyia saruji ni ya kaka, na jana tulikuwa uani sote, kaka kasimama karibu nami kiasi kwamba naisikia harufu ya rakia aliyokunywa, anasema, "Mama, mwambie mwanao mashine yangu haitoki bandani mpaka akubali kijani." Nikasema, "Mama, mwambie mwanao jukwaa langu halijawahi kubeba ndoo ya kijani, na halitaanza leo." Mama alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Mimi si simu," akaingia ndani.

Shangazi, vuli imeshafika na mvua haiachi, ukuta uko uchi, slava inakaribia, siku ya Mtakatifu Dimitri, msimamizi wa ukoo wetu, ambapo mama hupika sarma zake za nyama na kabichi kisha hutugawia, nusu mezani kwangu na nusu mezani kwa kaka, na kijiji kizima kitapita getini kutupongeza na kuucheka ukuta, mama naye ameshasogeza kitanda mlangoni na kuitega ile sufuria yake kubwa panapodondoka maji, anasema hana shida, analala vizuri tu. Shida yangu ni hii: nikiutengeneza mstari ule nitakuwa nimekiri kwamba ni wangu, na nikikiri leo mstari, kesho kijani kitanifika hadi mlangoni, na nisipoutengeneza Tivadar haji. Nifanye nini ukuta upate lipu kabla ya slava, na njano ibaki njano?

Ni mimi Nedeljko, mwenye nusu ya njano

* * *

Nedeljko mwanangu,

Pole kwa dhoruba. Pole hiyo ni ya mvua ya mawe peke yake, haya mengine mmejinyeshea wenyewe.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unaposema kwamba mama yako ananyeshewa. Nimepapata mwishoni, pamebanwa kati ya wageni na rangi. Wanaume wawili wenye ndevu zao mmepanda juu ya kichwa cha mama yenu, mmoja baada ya mwingine, vigae mkononi, mkautazama mpaka, mkashuka. Hilo limeniudhi, sikufichi. Na hiyo "analala vizuri tu" usiniletee. Mimi pia nina wana wawili, na nimeshalala vizuri hivyo mara nyingi, ili wasipate jambo jipya la kugombania.

Mnabishania mstari ule ni wa nani. Ni wa yule anayelala chini yake. Kwa hiyo hakuna cha kukiri, una kigae cha kubadilisha tu.

Jumamosi asubuhi, kama hakunyeshi, beba ngazi uende kwa kaka yako. Usimtume mama, ameshakwambia yeye si simu. Piga hodi. Mlango ukifunguliwa usiombe msamaha, maana hamjazoea, mtaumizana. Rangi usiitaje kabisa. Sema, "Kaka, nishikie ngazi," kisha nyamaza, hata kama ulimi unawasha. Nawajua wanaume wa pande hizo. Kusamehe kunawashinda, lakini kumwona mtu amesimamisha ngazi vibaya na kumwacha kunawashinda zaidi. Atatoka, japo kwa kukuonyesha kwamba hujui kuisimamisha. Mwache akuonyeshe, na ukiwa juu mwache akuelekeze. Utaona uchungu, lakini utakuwa uchungu wa saa moja.

Paa likishazibwa, toeni jukwaa na mashine siku moja, mumwite Tivadar. Rangi atachagua mama, kwa sababu dirisha ni lake na mmempaka usoni miaka yote hii bila kumuuliza. Akitaka nyeupe, iwe nyeupe. Akitaka waridi, nyumba nzima itakuwa waridi, na wageni wakiuliza mtasema kwa sauti moja kwamba ndiyo mliyoipenda. Nafikiri itakuwa sauti moja yenu ya kwanza tangu mlipomzika baba.

Na siku hiyo ya Jumamosi, ukishashuka kwenye ngazi, kabla hujanawa mikono, ingia chumbani kwa mama. Mwaga maji yaliyomo kwenye ile sufuria, uisugue vizuri, uirudishe jikoni wewe mwenyewe. Umeniandikia habari za lipu, za wageni na za njano yako, Nedeljko, lakini hukujiuliza mwaka huu mama angewapikia sarma kwenye nini.