Raba Nne za Kamera

Mdogo wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mama ameze dawa baada ya kula, na usimwambie nimekwenda wapi.

Droni ~~usiiguse tena maisha yako yote~~ itengeneze wewe uliyeiharibu. Zile raba nne zinazoning'iniza kamera umezipaka gundi, bingwa wewe, eti zisidondoke! Kazi ya raba ni kucheza, ili mtetemo wa mota usiifikie kamera. Asubuhi hii malori ya kiwanda yamemwaga uchafu mtoni, nami nikiyarekodi kutoka juu, na picha yote inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Hakuna namba ya lori hata moja inayosomeka. Mkutano wa mtaa na wenye kiwanda ni leo alasiri.

Ungeuliza tu. Lakini wewe tangu lini? Redio ya baba uliifungua bila kuuliza, mpaka leo bubu. Kamera ile niliifunga mwenyewe, nikikosea na kurudia, wewe ukinicheka, "Dada, injinia wa jikoni!"

Bandua gundi kwa kisu butu, taratibu, usikate nyaya. Raba mpya ziko kwenye kopo la vifungo.

Malori yanarudi mchana. Nimekwenda kuyapiga picha kwa simu, kwa miguu, karibu kabisa. Walinzi wananijua sura.

Nisipofika mkutanoni, simama wewe useme. Na uwaambie nilikokwenda, wasije wakadhani nimeogopa.

Dada yako