Koti la Joramu Sokoni Njombe

Dada Salome mpenzi,

Shikamoo kutoka Njombe, ambako ukungu hauondoki mpaka karibu na mchana. Ziwa Nyasa tulikotoka ni zuri, na milima yake ni mizuri zaidi. Picha zote nipo peke yangu. Joramu hataki tupigwe wawili.

Leo sokoni shangazi yake, muuza viazi, alimdaka mkono. "We Joramu! Mama yako kule Mdandu anamsubiri mkwe mpaka amechoka. Ndiye huyu?"

Mchumba wangu akacheka. "Hapana, shangazi. Huyu ni karani wa ofisini kwetu, nimempa lifti tu."

"Lifti gani hiyo inavaa koti lako?"

Wauzaji wakaangua kicheko. Mimi nikainamia viazi kana kwamba nachagua. Garini akasema alikuwa anatania, nami, unavyonijua, nikaogopa kumjibu.

Dada, nilidhani safari hii yote inaelekea kwa mama yake. Kesho tukifika njia panda ya Mdandu nitamwomba akate kona. Akipitiliza, nashuka Makambako na kupanda basi la kuja kwako. Nitatetemeka, lakini nitashuka.

Nibusie watoto. Nitandikie kitanda, na mama usimwambie bado.

Mdogo wako,
Neema